Taji au Ngata? Tahakiki ya Vichwa vya Nguzo katika Makanisa Yetu

Masomo: 1 Wafalme 7:13–22, Amosi 9:1, Ufunuo 3:12

Ukisafiri leo katika wilaya za Mbulu na Hanang, ukapita Masakta na vijiji jirani, utaona jambo la kumshukuru Mungu: makanisa yanajengwa. Mahali ambapo wazazi wetu walisali chini ya mti, au katika banda la udongo, sasa pana kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati linaloonekana toka mbali. Washarika wamejitoa kweli kweli.

Pamoja na shukrani hiyo, nakuomba tuangalie kitu kimoja ambacho wengi wetu hukipita tukiingia ibadani bila kuinua macho. Ni kile kichwa cha nguzo, yale majani ya saruji yaliyojikunja juu ya nguzo za mlangoni, mara nyingi yakiwa yamepakwa rangi ya dhahabu. Miaka ya karibuni kimeenea sana. Kamati ya ujenzi huletewa picha na fundi, wazee hutazama, mmoja husema, "Hili linafanana na kanisa la mjini," na kazi hupitishwa.

Ninataka tujiulize kitu hicho kilitoka wapi, kilifanya kazi gani, na kama kinastahili kuwekwa mbele ya nyumba ya Bwana hapa kwetu. Sitataja usharika wowote kwa jina, kwa maana jambo hili ni letu sote.

Kazi ya kichwa cha nguzo

Katika Biblia yetu ya Kiswahili, kitabu cha Wafalme wa Kwanza hukiita kitu hiki "taji". Ni neno zuri, lakini linaweza kutupoteza, maana taji kwetu ni pambo la mfalme. Mtu akisikia taji hufikiri juu ya heshima, hafikiri juu ya mzigo.

Kwa hiyo niruhusu nilete neno lingine, analolijua kila mama aliyekwenda kisimani: ngata. Mama akitaka kubeba ndoo ya maji, huviringisha kipande cha kanga, hukiweka utosini, kisha ndoo hukaa juu yake. Kichwa ni cha duara na ndoo ina kitako cha bapa; bila ngata, ndoo ingeyumba na uzito wote ungechoma sehemu moja ya fuvu. Ngata hupokea uzito, huutandaza, na kuushusha kwa upole shingoni, mgongoni, hadi miguuni.

Hiyo ndiyo kazi ya kichwa cha nguzo. Wajenzi wa Kigiriki wa zamani walijenga mahekalu yao kwa nguzo za mawe zilizobeba boriti za mawe. Jiwe lina nguvu sana likikandamizwa, lakini ni dhaifu likipindwa. Boriti ndefu ya jiwe hupasuka upande wa chini. Basi walizipanga nguzo karibu karibu, na juu ya kila moja wakaweka jiwe pana kuliko nguzo yenyewe, ili boriti ipate pa kukaa na nafasi iliyo wazi kati ya nguzo na nguzo ipungue. Katika mtindo wa kale zaidi, unaoitwa wa Kidoriki, kichwa hicho ni kitu rahisi: mto wa duara wa jiwe, na juu yake kibao cha mraba. Ukikitazama huwezi kukosa kuona ngata na kitako cha ndoo.

Wagiriki wenyewe waliliona jambo hilo. Katika mji wa Athene, juu ya kilima kilekile ambacho Mtume Paulo angekiona aliposimama Areopago, kuna jengo liitwalo Erekitheo, lililojengwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Kibaraza chake kinabebwa na nguzo sita zilizochongwa kwa umbo la wanawake. Wamesimama wima na shingo zao zimenyooka. Juu ya kila kichwa kuna mto wa jiwe, na juu ya mto huo imelala boriti ya paa. Mama wa Masakta akiwaona wanawake hao, atawatambua mara moja kwamba wapo kazini.

Mababu zetu hapa walilijua jambo hilohilo bila kwenda Athene. Katika nyumba ya asili, anayejenga huenda porini kutafuta nguzo yenye panda. Halazimiki kuichonga, kwa maana Mungu ameiotesha ikiwa na mikono miwili. Mtambaapanya hulala ndani ya panda ile, na makombamoyo hukaa juu yake. Panda ndiyo kichwa cha nguzo. Mti ulionyooka bila panda hufaa kwa fito na kwa kuni. Nyumba huhitaji ule ulio tayari kupokea.

Mapambo yalipoingia

Mtu atauliza: kama kazi ni kubeba, majani yalitoka wapi?

Vitruvius, msanifu wa Kirumi aliyeandika miaka michache kabla ya kuzaliwa kwa Bwana Yesu, anatoa habari moja. Anasema binti mmoja wa Korintho alifariki kabla ya kuolewa. Yaya wake alikusanya vikombe ambavyo binti yule alivipenda, akavitia katika kikapu, akakiweka juu ya kaburi na kukifunika kwa kigae. Chini ya kikapu palikuwa na mzizi wa mmea uitwao akanto. Msimu wa kuchipua ulipofika, majani yakapanda pande zote za kikapu, yakafika kwenye kigae, na kwa kuwa hayakuweza kupita, yakajikunja kwenye pembe. Mchongaji mmoja, Callimachus, alipita hapo, akavutiwa, akachonga nguzo zenye vichwa vya namna ile.

Iwe ni historia au ni hadithi ya kuwafundisha mafundi, inasema ukweli mmoja mkubwa kuhusu umbo lile. Majani hujikunja kwa sababu yamekutana na uzito. Yangekuwa hayajafunikwa na kigae, yangenyooka tu kama majani mengine. Mkunjo ule mzuri ambao kamati zetu huupenda ni picha ya kitu laini kilichokutana na kitu kizito kikakipokea. Na chanzo chake, kwa habari ile, ni machozi ya yaya juu ya kaburi.

Na hapa kuna jambo la kutafakari kwa sisi tunaozijua nyaraka za Paulo. Mtindo huo wa majani unaitwa wa Kikorintho. Lakini katika Korintho yenyewe, hekalu la zamani linalotambuliwa kuwa la Apolo halikuwa na majani. Nguzo zake ni za Kidoriki, kila moja imekatwa kwa jiwe moja zima. Paulo alipofika mjini humo, hekalu lile lilikuwa na umri wa karibu miaka 600. Leo limekwisha kubomoka, lakini nguzo 7 bado zimesimama, na vichwa vyake ni vile vya mto na kibao. Mji uliotoa jina la mapambo umebakiwa na ngata.

Nguzo za Sulemani

Msomaji makini atanipinga kwa Maandiko, naye ana haki. Atasema: mbona Mungu mwenyewe alipambiwa nguzo? Sulemani alimleta Hiramu wa Tiro, mwana wa mwanamke mjane wa kabila la Naftali, naye akasubu nguzo mbili za shaba, kila moja mikono 18 kwenda juu. Juu yake akaweka mataji ya mikono mitano, yenye nyavu, mikufu, komamanga 200 na kazi ya mayungiyungi. Nguzo ya kuume akaiita Yakini, na ya kushoto Boazi.

Naliheshimu pingamizi hilo, tena naliongezea nguvu. Wataalamu wa Biblia hawakubaliani kama nguzo zile zilibeba paa la ukumbi au zilisimama zenyewe mbele ya hekalu. Yeremia 52 inaeleza kwamba zilikuwa na uwazi ndani, na unene wa shaba ulikuwa vidole vinne. Huenda basi hazikubeba boriti yoyote. Je, hazikuwa pambo tupu?

Jibu langu liko katika majina yake. Yakini maana yake ni kwamba Yeye huthibitisha. Boazi hueleweka kuwa nguvu zimo ndani yake. Mwisraeli aliyekwenda kuabudu alipita kati ya maneno hayo mawili. Nguzo zile zilibeba ahadi ya Mungu, na kila mtu alijua zinabeba nini. Mayungiyungi na komamanga nayo yalikuwa matunda na maua ya nchi ile, ambayo mtoto wa Yerusalemu aliyajua kwa kuyala na kuyanusa. Hapakuwa na kitu pale kilichoazimwa bila sababu.

Na uzuri wenyewe si dhambi. Tukumbuke aliyelalamika Bethania kwamba marhamu yangeuzwa wapewe maskini: alikuwa Yuda, na Yohana anatuambia hakuwajali maskini. Sitaki kusimama upande wake. Mtu anayesema kanisa lisiwe na uzuri wowote kwa sababu watu ni maskini, hajawahi kumwona mama maskini akifagia kanisa Jumamosi na kuweka maua madhabahuni kana kwamba anapamba chumba cha mwanawe anayeoa.

Lakini Biblia haifichi mwisho wa nguzo zile. Wakaldayo walipouteka mji, walizivunja vipande vipande na kuichukua shaba yake kwenda Babeli. Mwandishi wa Wafalme wa Pili anasimama tena kutaja mataji na komamanga, kama mtu anayehesabu vyombo vya marehemu. Yakini na Boazi zilivunjwa kwa sababu watu waliacha kuamini yaliyoandikwa katika majina yake. Nguzo ilibaki na mayungiyungi yake, lakini mzigo wake ulikuwa umekwisha kuanguka zamani.

Kichwa chini kule Unguja

Karibu zaidi na kwetu kuna nguzo nyingine zinazozungumzwa sana. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtaa wa Mkunazini, lipo Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwezi Juni mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia sahihi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye pia alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa ndani ya kanisa hilo. Madhabahu, kwa masimulizi yanayojulikana, imesimama mahali ambapo watumwa walichapwa viboko.

Ukiingia upande wa magharibi utaonyeshwa nguzo za marumaru ambazo zimesimama kichwa chini. Wanaoongoza wageni husimulia kwamba askofu alikuwa safarini, na mafundi, bila mtu wa kuwaelekeza, wakazisimamisha kinyume. Aliporudi aliziacha zilivyo. Wageni hucheka, hupiga picha, kisha huendelea mbele.

Mimi siwezi kucheka kwa urahisi. Fikiria fundi yule. Ameletewa jiwe la kigeni, la umbo ambalo hajaliona katika nyumba yoyote ya kwao. Hakuna aliyemweleza kwa nini upande mmoja ni mpana na kwa nini umechongwa. Kwa akili ya kawaida, upande mpana hukaa chini, kama mtungi. Aliamua vizuri kwa yale aliyoyajua. Kosa lilikuwa la utaratibu ulioleta umbo bila kuleta sababu yake.

Tena kanisa halikuanguka. Marumaru ile ni marumaru kweli, nayo imesimama kwa zaidi ya miaka 140. Sisemi kwamba mafundi walikusudia kuhubiri. Lakini pale ambapo binadamu aliuzwa kwa bei, ambapo wakubwa walisimama juu na wadogo walifungwa chini, siwezi kupita mbele ya kichwa kilichowekwa mahali pa mguu nisimkumbuke Bwana aliyejifunga kitambaa akawaosha wanafunzi miguu. Kule Thesalonike mitume walishtakiwa kwamba wameupindua ulimwengu. Huenda Askofu Steere alipoziacha nguzo zile aliona gharama tu ya kuzirekebisha. Sisi tunaweza kuona zaidi.

Sisi na nguzo zetu

Sasa turudi Masakta na makanisa ya jirani, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kanisa la leo hujengwa tofauti na hekalu la Kigiriki. Paa letu hubebwa na kenchi za mbao au chuma. Kenchi hukaa juu ya lenta ya zege iliyozunguka jengo lote, na lenta hukaa juu ya kuta na nguzo zenye nondo ndani yake. Hayo ndiyo yanayobeba. Zile nguzo za duara za mbele mara nyingi hubeba kibaraza kidogo tu, na nyingine hazibebi hata hicho. Kichwa cha majani humiminwa pembeni katika kalibu, kwa saruji au jipsamu, kisha hubandikwa nguzo ikiwa imekwisha kusimama na kupigwa lipu. Boriti ilikuwa imekaa salama kabla yake, na kikibanduka kesho itabaki imekaa.

Yaani tumetengeneza ngata isiyo na ndoo. Hakuna mama anayevaa ngata kwenda harusini. Angefanya hivyo, watoto wangemuuliza, "Mama, umesahau maji wapi?" Kichwa cha nguzo kisichopokea kitu kinastahili swali hilohilo.

Mafundi wa Unguja walikiweka kichwa chini, lakini jiwe lao lilikuwa la kweli. Sisi tumekiweka juu panapostahili, nacho ni ganda. Kati ya makosa hayo mawili, la kwao ni dogo.

Ningelinyamazia jambo hili kama lingekuwa la ladha tu. Kila mtu ana macho yake, na sitagombana na jirani kwa rangi ya dhahabu. Lakini kuna mambo mawili yaliyo mazito kuliko ladha.

La kwanza ni fedha ilikotoka. Tunajua sote jinsi kanisa la kijijini linavyojengwa. Baada ya ibada, nje ya mlango, hufanyika mnada wa sadaka. Kuku wa mjane hunadiwa, debe la mahindi, maharage, mayai kumi, wakati mwingine mbuzi. Mjane yule hakuleta kuku kwa sababu alikuwa na kuku wengi. Aliambiwa ni kwa ajili ya nyumba ya Mungu, naye akaamini. Tunapogeuza kuku yule kuwa majani ya jipsamu yasiyobeba kitu, tumetumia imani yake kununua mfano wa uzito.

La pili ni usalama. Mahali ambapo nguzo ya zege hukutana na boriti ndipo kilipo kichwa cha kweli cha nguzo ya leo, nacho hakionekani. Nondo za nguzo hupanda, nondo za boriti hupita kwa upande, na zote hukutana katika nafasi finyu. Nondo za wima zinatakiwa kufungwa kwa ringi, na hapo katika kiungo ringi zinahitajika sana. Lakini hapo ndipo ni vigumu kuzifunga, mkono hauingii vizuri, na fundi mwenye haraka huziacha. Zege likishamwagwa hakuna atakayejua, mpaka siku ardhi itakapotikisika. Wahandisi wanafundisha kwamba tetemeko huanza kuvunja jengo penye viungo.

Nasi tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa. Mlima Hanang tunaouona kila asubuhi ni volkano iliyolala. Tarehe 3 Desemba 2023 hapakuwa na tetemeko, lakini maji, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani hadi Gendabi na Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Baada ya siku ile, hakuna mtu wa Hanang anayehitaji kuhubiriwa kwamba ardhi tunayoiamini inaweza kusogea. Basi kamati inayopata fedha ya vichwa vya dhahabu na kukosa fedha ya ringi, imechagua taji na kuiacha shingo.

Amosi aliona hilo

Kuna nabii mmoja aliyekitazama kichwa cha nguzo kwa jicho la mjenzi. Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa, mtu wa mifugo kama wengi wetu. Kitabu chake kinaanza kwa kusema alitabiri miaka miwili kabla ya tetemeko la nchi. Katika sura ya 9 anamwona Bwana amesimama karibu na madhabahu, akiamuru vichwa vya nguzo vipigwe hadi vizingiti vitikisike.

Angalia jinsi amri hiyo inavyoshuka. Pigo linaanza juu kabisa, nguzo inapokutana na boriti, na mtikisiko unafika chini mlangoni. Amosi alijua jengo huvunjikia wapi. Lakini alijua pia kwa nini limehukumiwa. Katika sura zilizotangulia amewataja watu waliomuuza maskini kwa sababu ya jozi ya viatu, wenye nyumba za mawe ya kuchongwa, walioimba vizuri na kuleta dhabihu nono. Ibada yao ilikuwa imepambwa kila mahali. Ilikosa mtu wa kubeba mzigo wa mwenzake. Bwana alipotaka kuionyesha ilivyo, aliipiga pale ilipojidai kuwa na taji.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya ringi na jipsamu hatujatoka nje ya imani. Paulo anawaita Yakobo, Kefa na Yohana nguzo, na mwandishi wa Timotheo anaita Kanisa nguzo na msingi wa kweli. Neno hilo lina kazi ndani yake. Mzee wa kanisa anayekaa kiti cha mbele na kutajwa katika kila risala, lakini hajui ni nyumba gani mtaani kwake imelala njaa, ni kichwa cha kubandikwa. Na yupo mama ambaye hajawahi kutajwa, ambaye kila msiba ukitokea watu humtazama yeye. Juu ya huyo kuna ngata, hata kama hakuna aliyeiona.

Tujenge namna gani?

Sisemi nguzo zetu zibaki uchi. Nasema uzuri ukae pale mzigo unapopokelewa, na utokane na nchi tunayoishi. Kama kibaraza cha kanisa kinabebwa na nguzo za mbao, mpeni seremala wa kijiji achonge kile kipande cha mninga kinachokaa kati ya nguzo na boriti. Kama ni zege, funga ringi zote kwanza, halafu acha kiungo kionekane kwa nje kwa unene wake halisi, na hapo ndipo pambo liwekwe. Mama zetu wa Kiiraqw na wa Kibarabaig wameshona nakshi za shanga juu ya ngozi kwa ustadi ambao hauhitaji kuazima majani ya akanto. Hiramu alisubu komamanga kwa sababu Israeli ilikula komamanga. Sisi tuna suke la mtama na suke la ngano, na yote mawili huinama yakijaa.

Na kama hakuna fedha ya pambo lolote, nguzo iliyonyooka, iliyofungwa vizuri, iliyopakwa chokaa safi, ni sadaka kamili. Nguzo za Korintho zilizobaki zinatuambia hivyo.

Kwa kamati za ujenzi, ninapendekeza maswali matatu ya kumuuliza fundi kabla ya kutoa fedha. Kitu hiki kinabeba nini? Kikiondolewa, kitaanguka nini? Na kama hakibebi boriti, je, kinabeba neno lolote ambalo mtoto wa Kipaimara anaweza kulieleza? Kikikosa jibu kwa yote matatu, kuku wa mjane asubiri kazi nyingine.

Katika Ufunuo, Bwana anawaahidi waumini wa Filadelfia, mji wa Asia Ndogo uliojulikana kwa matetemeko, kwamba yeye ashindaye atamfanya kuwa nguzo katika hekalu la Mungu wake, wala hatatoka humo tena. Juu yake ataandika jina la Mungu, jina la mji wa Mungu, na jina lake mwenyewe jipya. Watu waliozoea kukimbia nje nyumba zikitikisika wanaahidiwa kuwa nguzo isiyotoka ndani. Ni kama Yakini na Boazi zimesimamishwa upya, safari hii kwa watu walio hai.

Anayetoa ahadi hiyo alivikwa taji mara moja tu hapa duniani, nalo lilikuwa la miiba, siku ileile aliyobeba msalaba. Mzigo na taji vilikutana juu ya kichwa kimoja. Tukijenga nyumba ya kumwabudu huyo, kila kichwa cha nguzo tutakachokiweka kiwe na kitu cha kubeba.